Marafiki Hawana Madhabahu: Kwa Nini Kuwanyima Wanasiasa Maikrofoni Hakutoshi

Tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024 yaitikise Kenya, makanisa mengi yamekuwa yakitoa maagizo kuhusu wanasiasa. Mheshimiwa akija ibadani aketi na waumini wengine, asipewe maikrofoni, asitangaze mchango wake, na siasa zake azifanyie nje ya ua. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alikwenda mbali zaidi, akakataa mamilioni ya shilingi ambayo Rais William Ruto alikuwa ametoa na kuahidi katika kanisa la Soweto, Embakasi. Machi 2025, Rais alipotoa shilingi milioni 20 kwa Jesus Winner Ministry kule Roysambu, vijana waliandamana kuelekea kanisani Jumapili iliyofuata, na polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi. Katika yote haya mjadala umezunguka jambo moja, heshima ya madhabahu: nani apande, nani asipande, na aliyepanda aseme nini. Mimi ni wa Kanisa la Friends, yaani Marafiki au Waquaker, na kila nikiusikiliza mjadala huu naona umeanzia katikati. Sisi Marafiki hatuna madhabahu. Hatukuwa nayo tangu mwanzo, na sababu ya kutokuwa nayo inagusa kiini cha ugonjwa ambao taifa zima linauzungumzia. Maikrofoni ya kanisa ina bei kwa sababu tumekubali kwamba mtu mmoja husimama mahali fulani akasema kwa niaba ya Mungu, na wengine wote kazi yao ni kuitikia amina. Maadamu tunaamini hivyo, mwanasiasa aliyenyimwa maikrofoni atatafuta tu mkono mwingine wa kumshikia. Na linaloniuma zaidi ni kwamba sisi Marafiki wa Kenya, ambao imani yetu ilizaliwa kwa kuyakataa hayo, tumeyarudisha wenyewe.

Wanaotujua kwa majina ya shule tu, Kamusinga au Lugulu, huenda wasijue kwamba Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Makadirio ya mwaka 2017 ya shirika letu la kimataifa yaliwahesabu Marafiki wote kuwa takriban 377,000, karibu nusu yao wakiwa Afrika, na wengi wa hao wakiwa Magharibi mwa Kenya. Imani yenyewe ilianza Uingereza katikati ya karne ya 17, nchi ikiwa imechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe na mfalme ameshakatwa kichwa. George Fox, kijana aliyefunzwa kazi ya ushonaji viatu, alizunguka akitafuta mchungaji wa kumtuliza moyo, asimpate. Alichokipata ni yakini kwamba kusoma Oxford au Cambridge hakumfanyi mtu kuwa mhudumu wa Kristo, na kwamba Nuru inayotajwa katika Yohana 1:9, imtiayo nuru kila mtu, humfikia mjakazi na hakimu bila kupitia kwa mtu wa tatu. Juni 1652, kule Firbank Fell kaskazini mwa Uingereza, alihubiri akiwa juu ya mwamba nje ya kanisa dogo, mbele ya watu wapatao elfu moja, na baadhi ya wazee wakashangaa kwa nini haingii ndani. Aliwaambia kwamba nyumba ile na ardhi iliyosimama juu yake hazikuwa takatifu kuliko mlima waliosimama. Mwaka uleule, katika kanisa la Ulverston, aliuliza swali ambalo Margaret Fell, mama wa huko aliyekuja kuwa nguzo ya Marafiki, hakulisahau maishani: mtasema Kristo asema hivi, na mitume wasema hivi, lakini wewe waweza kusema nini? Fell alisimulia baadaye kwamba aliketi akalia, akijiona mwizi wa Maandiko, mtu aliyeyabeba maneno ambayo hakuyajua ndani yake.

Mengine yote yalifuata swali hilo. Kama kila mtu anaweza kuisikia sauti ya Mungu, basi ibada ni kuketi pamoja kwa utulivu, kungoja, na kusema pale tu unaposukumwa kusema, uwe mwanamume au mwanamke, mwenye shamba au kibarua. Hakuna kasisi, kwa hiyo hakuna zaka ya kumlisha, na maelfu ya Marafiki walifungwa au kunyang'anywa ng'ombe na vyombo vya nyumbani kwa kukataa kuilipa zaka ya kanisa la serikali. Hakuna kiapo, kwa kuwa ndiyo ya mtu inatosha siku zote. Hakuna ubatizo wa maji wala mkate na divai, kwa sababu maisha yote ni sakramenti. Watu huyatazama mambo haya kama orodha ya vitu ambavyo Marafiki wamepungukiwa, na majirani zetu wa Kipentekoste huwaambia vijana wetu kila mara kwamba hawajabatizwa. Mimi nayaona kama ulinzi uliofikiriwa vizuri. Marafiki wa kwanza waliishi katika nchi ambayo dola ilichagua maaskofu na maaskofu wakaibariki dola. Hawakuomba madhabahu isafishwe. Waliona kwamba mahali popote panapopewa uzito kuliko moyo wa anayeabudu patapata mnunuzi, leo au kesho.

Imani hii ilifika Kaimosi mwaka 1902, ikiletwa na Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole. Walianzisha misheni ya kazi za mikono, yenye mashine ya kupasua mbao, shule na baadaye hospitali. Lakini hawakutoka katika ule mkondo wa Marafiki wanaoketi kimya. Walitoka katika uamsho uliopita Marekani ya kati karne ya 19, ambao uliwaletea Marafiki wa huko wachungaji wa kulipwa, nyimbo, mahubiri na wito wa kutubu. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Kanisa la Friends la Kenya lilikuwa na imani ya Fox moyoni na mpangilio wa ibada ambao Fox angeushangaa. Sisemi hivyo kuwabeza waliotutangulia. Joel Litu alifanya kazi kwa miaka na Emory Rees kutafsiri Maandiko kwa Kilogooli, ili mtu wa Maragoli asome mwenyewe bila kungoja kuambiwa, na hilo ni tendo la Kirafiki kwa kila hali. Ila pamoja na Biblia tulipokea pia mimbari, na mimbari ina tabia ya kukua.

Ingia leo katika kanisa letu lolote Vihiga, Kakamega, Bungoma au Trans Nzoia Jumapili yenye mgeni mashuhuri. Mbele kuna viti vilivyovikwa vitambaa, na meza yenye maua na chupa za maji. Kwaya imeamka mapema kujifunza wimbo wenye jina la mgeni. Mahubiri yanafupishwa ili salamu zipate nafasi, na salamu zinachukua muda mrefu kuliko mahubiri. Baada ya ibada unakuja mnada: mama mjane ameleta kuku kwa sababu hana fedha, miguu imefungwa kwa kamba ya katani, na mgeni anamnunua kuku huyo kwa shilingi elfu kumi huku watu wakipiga makofi na vigelegele. Nimeutazama mnada wa namna hiyo kwa karibu. Jina la mgeni lilitajwa mara nyingi. Jina la mama aliyemfuga kuku halikutajwa hata mara moja. Yakobo aliandika juu ya jambo hili katika sura ya pili ya waraka wake, mtu mwenye pete ya dhahabu akipewa pahali pazuri na maskini akiambiwa asimame kule, na wala hakuzungumzia maikrofoni. Alizungumzia kiti.

Wanaotetea marufuku ya wanasiasa wana hoja nzito, na sitaki kuipunguza. Agizo lililo wazi humpa mchungaji mdogo wa kijijini ngao: anaweza kumwambia mbunge kwamba si yeye aliyekataa, ni uongozi wa juu. Tena tumeona kwamba inawezekana. Septemba 2021, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alipomsimika Rose Okeno kuwa askofu wa Anglikana huko Butere, jirani zetu kabisa, vigogo wa siasa waliohudhuria hawakuruhusiwa kuhutubia, na ibada iliendelea na kumalizika vizuri. Kizazi kilichozoea kuona kanisa likigeuzwa jukwaa kilijifunza siku hiyo kwamba kuna njia nyingine. Hata hivyo, agizo linafunga mdomo mmoja na kuiacha mikono yote wazi. Bahasha inaweza kufika Jumamosi jioni nyumbani kwa mchungaji, na Jumapili mwanasiasa akaketi kimya kwenye benchi huku maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine kama maombi kwa ajili ya viongozi wetu. Marufuku yanalinda sura ya ibada. Hayafiki kwenye swali la nani anaamua ni neno lipi lisemwe, na anakula kwa nani.

Upande wa pili wapo wanaosema fedha zipokewe, na wengi wao wanajua wanachokisema. Anayeishi Nairobi anaweza kuandika kwa uchungu kuhusu usafi wa injili. Anayeabudu chini ya paa linalovuja kule Lugari anajua kwamba bila harambee ukuta haungefika dirishani. Shule zetu, hospitali ya Kaimosi, hata chuo kikuu tunachojivunia leo, vimejengwa kwa michango ya watu wengi, wakiwemo wanasiasa. Mashine ile ya mbao ya wamisionari wa kwanza nayo ilitokana na sadaka za watu wa mbali. Hoja hii naiheshimu, lakini historia hiyohiyo ina somo ambalo watetezi wake hawalitaji. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, yaani chombo kikuu cha Marafiki wa eneo letu, ulianzishwa mwaka 1946, ukawa chombo chetu wenyewe kwa jina, ilhali mali na maamuzi mengi yalibaki kwa bodi ya misheni ya Marekani hadi miaka ya 1960. Wamisionari wale walikuwa watu wema, wengi wao waliotupenda kwa dhati, na bado aliyelipa ndiye aliyeshika kalamu. Kama wema wa aina hiyo ulichelewesha sauti yetu kwa karibu miaka ishirini, tutarajie nini kutoka kwa mtu anayetoa akiwa na tarehe ya uchaguzi kichwani?

Ipo hoja moja ambayo naiona dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba fedha haina dini, ikishaingia kwenye kapu la sadaka imetakaswa. Wengine huongeza kwamba kwa kuwa ni kodi yetu iliyoibwa, kuipokea kanisani ni kuirudisha kwa wenyewe. Sehemu ya pili inajiangusha. Kama ni fedha ya umma, njia yake ni bajeti, zahanati na basari zinazotolewa kwa wazi, na mtu wa Mungu anayeipokea kwa bahasha akijua ilikotoka amekuwa shahidi wa wizi aliyeamua kunyamaza. Sehemu ya kwanza ilijibiwa zamani na Rafiki mmoja wa New Jersey, John Woolman, mshonaji nguo aliyeishi kati ya 1720 na 1772. Alipozunguka Maryland na Virginia akiwatembelea Marafiki wenzake, alilala katika nyumba zilizokuwa na watumwa. Desturi ilikuwa mhubiri mgeni ale na alale bure. Woolman aliona kwamba chakula kile kilikuwa kimelipwa tayari, na waliokilipia hawakuwahi kuulizwa. Kwa hiyo alipoondoka aliacha sarafu za fedha, mara nyingine akimpa mwenyeji awagawie watumwa, mara nyingine akiwakabidhi watumwa kwa mkono wake. Fikiria mwenyeji anavyosimama mlangoni, amemkaribisha mtu wa Mungu kwa moyo mkunjufu, na mgeni anamhesabia sarafu za watu ambao yeye huwaita mali yake. Hakuna matusi, hakuna mahubiri, na hakuna aliyebaki bila kuelewa. Woolman alijua kwamba fedha huja na historia yake, na kwamba anayeipokea zawadi anaipokea pamoja na historia hiyo.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemtwika mchungaji mzigo ambao ni wetu sote. Mchungaji wa Friends wa kijijini mara nyingi hulipwa kidogo sana, tena kwa kuchelewa, kutokana na sadaka ya watu ambao nao wanategemea mahindi na chai. Ana watoto wanaohitaji karo. Anaitwa usiku kwa mgonjwa na mchana kwa matanga, mara nyingi kwa nauli yake mwenyewe. Mathayo 10:8 inasema mmepata bure, toeni bure, na Marafiki wa kwanza waliisimamia aya hiyo. 1 Timotheo 5:18 inasema mtenda kazi astahili ujira wake, na sisi tuliochagua kuwa na wachungaji tulipaswa kuisimamia hiyo. Tumefanya jambo baya zaidi ya yote mawili: tumemweka mtu mmoja mbele, tukampa mamlaka yote ya kusema, kisha tukamwacha na njaa. Mwanasiasa hakuvumbua udhaifu huo, aliukuta. Katika mkutano mmoja wa mwezi, yaani kikao cha kuamua mambo ya kanisa, niliohudhuria, jambo lililojadiliwa lilikuwa mabati yaliyoahidiwa na mtu aliyetaka kiti. Karibu wote waliunga mkono, mimi nikiwa miongoni mwao. Mama mmoja mzee, ambaye huwa hasemi sana, alisimama akasema kwamba hana amani na mabati hayo, na akauliza mchungaji amelipwa lini mara ya mwisho. Pakawa kimya kirefu. Karani, anayeongoza kikao, hakupigisha kura, kwa sababu hatupigi kura. Aliandika kwamba mkutano haujapata umoja, na jambo likawekwa kando mpaka suala la mshahara litazamwe.

Kimya kile kinanifundisha kuhusu theolojia yetu kuliko mahubiri mengi. Marafiki huamua mambo kwa kutafuta pamoja kile ambacho Roho anawaongoza kukifanya, na karani huandika maana ya mkutano badala ya kuhesabu mikono. Mtu mmoja asiye na amani anaweza kuwasimamisha wengi, kwa sharti kwamba amani anayoikosa si ya maslahi yake. Katika mazingira ya harambee jambo hili lina nguvu ya pekee. Ukimnunua mchungaji katika kanisa lenye mimbari, umelinunua kanisa. Katika mkutano unaoamini kwamba neno linaweza kutoka kwa mama aliyeketi benchi la nyuma, itakubidi uwanunue wote, na hata hapo hujui ni nani kesho asubuhi ataamka hana amani.

Najua yanayosemwa dhidi ya njia hii. Kwanza ni kwamba ni polepole, na hilo ni kweli kwa kiasi cha kutisha. Marafiki wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika kupinga utumwa mwaka 1688. Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia ulifikia kuwakataza wanachama wake kumiliki watumwa mwaka 1776, miaka 88 baadaye, na katika miaka hiyo watu walizaliwa, wakafanyishwa kazi na wakafa utumwani wakati Marafiki wakitafuta umoja. Yeyote anayeisifu subira ya Marafiki bila kuyataja hayo hasemi ukweli wote. Zaidi ya hayo, mikutano yetu hapa Kenya haijaonyesha umoja wa kujivunia. Tangu Marafiki wa Elgon wajitenge na Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki mwaka 1973 tumegawanyika mara nyingi, na baadhi ya ugomvi wa uongozi na mali ulifikishwa mahakamani. Ninachokiona katika ugomvi huo, hata hivyo, ni kwamba uligusa zaidi vyeo na mali, vitu ambavyo tumevipa uzito wa madhabahu. Na kuhusu utumwa, wanaoisoma historia ile kwa makini huona kwamba kilichochelewesha uamuzi ni matajiri walioketi viti vya mbele vya mikutano. Waliotaka haraka walikuwa watu wadogo waliosema hawana amani, wakapuuzwa.

Pingamizi la pili ni kwamba kuketi kimya ni mambo ya Wazungu, na Mwafrika humwabudu Mungu kwa wimbo, ngoma na kigelegele. Nami naimba. Sitamani kanisa ambalo akina mama wetu hawaimbi, na sidhani kwamba Roho ana haraka ya kutuondolea ngoma. Lakini tuwe waangalifu na tunachokiita cha kwetu: ule mpangilio wa mhubiri mmoja mbele na maelfu mbele yake wakiitikia ulikuja kwa meli sawasawa na kimya. Kwa upande mwingine, wazee waliokaa barazani mpaka jambo likaiva, kila mmoja akisikilizwa hadi mwisho, wasingeshangazwa na mkutano wa Marafiki usiopiga kura. Tena kimya kimetufaa hapa hapa, katika saa mbaya kuliko zote. Januari 2008, nyumba zikiwa bado zinachomwa baada ya uchaguzi, viongozi wa Marafiki walikutana Kakamega, na kutokana na kazi ya wakati huo zikaundwa timu za amani za Kanisa la Friends. Pamoja na misaada waliyogawa, walikwenda kambini kuketi na watu na kuwasikiliza. Waliopoteza nyumba walihutubiwa sana mwaka ule. Waliowasikiliza mpaka mwisho walikuwa wachache.

Turudi sasa kwa wale vijana wa Roysambu. Wazee wengi, wakiwemo wa kanisa langu, walisema ni utovu wa adabu kwenda kuvuruga nyumba ya Mungu. Sijui kama waliosema hivyo wanakumbuka Marafiki wa kwanza walifungwa kwa makosa gani. Fox na wenzake waliingia katika makanisa ya Uingereza, wakangoja mhubiri amalize, wakasimama kumuuliza kwa nini anauza kile alichopewa bure. Walipigwa, waliburutwa nje, walifungwa kwa kosa la kuwavuruga wahubiri. Hawakubeba silaha wala kuchoma kitu, na hapo hakuna mjadala kwetu: anayerusha jiwe ameisahau ile Nuru ya Mungu iliyomo ndani ya polisi anayemrushia. Ila katika swali lenyewe, vijana wanaouliza fedha hizi zimetoka wapi wako karibu na chimbuko la imani yetu kuliko mzee anayewanyamazisha. Mwezi uleule wa Machi 2025, polisi wa London walivunja mlango wa nyumba ya mikutano ya Marafiki wa Westminster na kuwakamata watu sita waliokuwa katika kikao cha kundi la vijana wanaharakati, ambalo lilikuwa limekodi chumba humo. Marafiki wa Uingereza walilalamika vikali, na sikusikia wakisema kwamba patakatifu pamenajisiwa. Walisema juu ya watu waliokamatwa na uhuru wa kukusanyika na kusema. Huku kwetu polisi walililinda kanisa dhidi ya vijana. Kule polisi waliingia kanisani kuwafuata vijana. Kanisa la Friends la Kenya litalazimika kuamua linataka kuwa upande upi wa mlango, na haliwezi kuamua hivyo likiwa linasubiri lori la saruji.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na misafara itaanza kupanda Kaimosi, Chavakali na Kimilili mapema kuliko hapo. Maagizo ya kutopanda mimbarini yatasomwa, na ni heri yasomwe. Lakini mikutano yetu ya mwezi ina kazi iliyo ngumu zaidi, nayo haihitaji ruhusa ya mtu yeyote. Suala la mshahara wa mchungaji liletwe mezani kwa takwimu, mbele ya wote, kabla ya jambo lolote la ujenzi. Kila zawadi kutoka kwa mtu mwenye cheo au anayetafuta cheo ipitie mkutanoni bila mtoaji kuwepo, na asiye na amani aseme. Viti vyenye vitambaa viondolewe. Na kila Jumapili, kabla au baada ya mahubiri, uwepo muda wa kweli wa kungoja, usiojazwa na kinanda, ambamo msichana wa kidato cha tatu anaweza kusimama akasema alichopewa. Si lazima uwe mrefu. Utakuwa mgumu mwanzoni, kwa sababu tumezoea kukiogopa kimya kama ishara kwamba kuna aliyesahau zamu yake.

Linabaki jambo ambalo marufuku ya wanasiasa hayaligusi kabisa, nalo ndilo linalonisumbua zaidi: baadhi ya wanasiasa hawa ni wa kwetu. Walisoma shule zetu, mama zao wamezikwa na mikutano yetu, na wana haki ya kuketi pale kama mimi. Kumfungia Rafiki mlango kwa sababu ni mbunge kungekuwa kukana kwamba ndani yake pia iko Nuru ileile. Aje, aketi benchi lolote, angoje kama wengine, na akisukumwa kusema aseme kama mwenye dhambi aliyehurumiwa, bila kuitwa mheshimiwa. Na kama tunaamini kwamba anavyoupata utajiri wake kunamdhuru yeye na kuwadhuru wengine, hatua inayotustahili tunaijua. Mwaka 1758 Mkutano wa Mwaka wa Philadelphia uliwatuma Marafiki, Woolman akiwa mmoja wao, kwenda nyumba kwa nyumba kwa wanachama waliomiliki watumwa, kuketi nao na kuwauliza kwa upendo wanawezaje kulipatanisha jambo hilo na imani yao. Wazee wetu wawili watatu wanaweza kumtembelea mbunge wetu jioni moja namna hiyo, bila kamera na bila kadi ya mchango, na wakafika wakiwa wamekula kwao ili wasiwe na haja ya kuomba nauli wakati wa kuondoka.